Kinyago Chenye Uso wa Mzee Anaeli

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya kinyago kimoja. Kilikuwa mezani kwa rafiki yangu, mhariri anayetayarisha kitabu kuhusu uchongaji nchini, ambaye alikuwa amenikabidhi sura ya mwisho niiandike: jinsi watu wenye kimo kifupi wanavyochorwa, wanavyochongwa na wanavyosimuliwa katika hadithi zetu. Kinyago chenyewe kilikuwa cha mzee mfupi aliyeketi juu ya jiwe, ngoma mapajani, kichwa kikubwa kupita kiasi, kinywa kimeachama kwa kicheko. Chini ya jiwe kulikuwa kumebandikwa karatasi: "Mbilikimo wa Meru. Huleta bahati." Vinyago vya namna hiyo nimevitazama kwa miaka mingi, na karibu vyote havina mtu ndani yake, ni umbo linalorudiwa. Hiki kilikuwa na mtu. Ukope wa jicho la kushoto ulilegea kidogo, na juu yake kovu fupi lilikata nyusi. Wachongaji hawana desturi ya kubuni makovu. Nilitaka kujua kovu lile lilikuwa la nani.

Basi lilitoka Morogoro alfajiri. Baada ya Segera, mashamba ya mkonge yalipoanza kutandaa pande zote mbili, nilifungua jalada langu la hadithi na kuzisoma upya. Nyingi zinafanana hata zikitoka mikoa iliyo mbali sana. Msafiri hukutana porini na mtu mfupi, naye humuuliza, "Umeniona wapi?" Msafiri akijibu kwamba amemwona pale pale, hupatwa na balaa. Akijibu, "Nimekuona tangu kule mbali," hupewa mali. Mpaka tunaipita Same, Milima ya Upare ikiwa mkono wa kulia, nilikuwa nimeandika pembeni mwa karatasi kwamba katika hadithi hizi mtu mfupi hana mke, hana shamba wala jina. Ana swali tu.

Arusha nilifika jioni. Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na wingu hadi mabegani. Nikalala katika nyumba ya wageni ya Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, ambako gereji hazinyamazi upesi.

Kesho yake asubuhi sikuhitaji kutafuta sana. Muuza duka la vinyago alikitazama kile nilichoazima kwa mhariri, akanielekeza nyuma ya gereji ya tatu. Huko nilimkuta Elifasi, mchongaji wa makamo, mwembamba, nywele zimejaa vumbi la mti. Vijana wake walikuwa wakipaka vinyago vidogo rangi nyeusi ya viatu ili vifanane na mpingo. Nilimwonyesha kinyago, nikamuuliza kama ni kazi yake.

"Hicho? Changu kabisa," alisema kwa furaha. "Hicho ndicho kinacholisha watu hapa. Simba hatoki, twiga hatoki. Mbilikimo anatoka."

"Mwenye uso huu ni nani?"

"Ni Mzee Anaeli, wa kwetu, juu ya Maji ya Chai. Jirani yangu toka utoto."

"Alikaa umchonge?"

"Aa, profesa! Sisi hatumkalishi mtu. Ukimtazama utachonga mmoja. Ukimkumbuka utachonga mia."

Kisha akanipeleka kwenye banda la nyuma. Hapo palikuwa na gogo la mninga lililosimamishwa, na ndani ya gogo mzee yule yule, safari hii kwa kimo cha mtu kamili. Kichwa kilikuwa kimekwisha, kicheko kimekwisha, ngoma imekwisha. Miguu bado ilikuwa imefungwa ndani ya mti. Elifasi alieleza kwamba hoteli mpya ya watalii inafunguliwa Maji ya Chai, na kinyago kile kitasimama langoni.

"Kuna neno dogo tu," aliongeza, akipangusa patasi. "Mzee mwenyewe amekasirika. Lakini Jumamosi tunampelekea isale. Litaisha."

Kwa wasomaji wasioijua desturi hii: isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba na juu ya makaburi ya wazee. Aliyekosa akimpelekea aliyekosewa jani lake lililofungwa fundo, yule aliyekosewa hana budi kulipokea. Akishalipokea, shauri limefungwa. Halisemwi tena, hata ulevini. Nimeuliza watu wengi kama kuna aliyewahi kulikataa. Jibu lilikuwa lile lile kila mahali: halikataliwi.

Alhamisi nilipanda hadi kwa Mzee Anaeli. Njia inafuata mfereji kati ya migomba na kahawa, na nyumba yake ya matofali iko juu kidogo ya kanisa la Kilutheri ambako yeye ni mzee wa kanisa. Alikuwa akianika kahawa juani. Kimo chake kilifika kifuani pa mkewe, Mama Upendo, aliyesimama naye. Kovu nililiona kabla hajageuka sawasawa.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Umeanza vizuri. Juzi kijana wa umeme aliniambia, 'Mambo vipi, dogo?' Nina wajukuu wanaonyoa ndevu."

Nilimweleza kazi yangu bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nami nilikuja kuomba bahati. Nikasema hapana.

"Basi utakuwa wa kwanza mwaka huu. Watoto wa shule wakipita hapo chini wanapaza sauti, 'Nimekuona toka mbali!' halafu wanakimbia. Nilisimama kwenye ubatizo wa baba zao. Mwezi uliopita alikuja kijana na mkeka wake wa kubeti. Akaniomba niushike kidogo tu, timu yake ishinde."

"Ukaushika?"

"Nikaushika. Nikauchana."

"Na timu ikashinda!" Mama Upendo alidakia kutoka jikoni, alikokuwa ameenda kutuletea loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. "Sasa wanasema ndiyo dawa yenyewe, auchane!"

Tulicheka sote watatu, na hicho kilikuwa kicheko pekee nilichokisikia katika nyumba ile. Nilipouliza kuhusu kovu, alilishika kwa kidole. Alikatwa na panga wakati wa kupogoa kahawa, zamani. Elifasi alikuwa mtoto shambani mwa jirani. Ndiye aliyekimbia mferejini na kumletea maji ya kuoshea damu.

"Kwa hiyo analikumbuka vizuri," alisema. "Vile vidogo, mwalimu, nilivivumilia. Vinapanda ndege, vinakwenda kukaa makabatini mwa watu nisiowajua. Lakini hiki kikubwa kitasimama njia ninayopita kwenda kanisani. Kila Jumapili nitajipita mimi mwenyewe, nimekaa juu ya jiwe, nacheka. Mimi sijawahi kupiga ngoma. Nikifa, wajukuu wa wajukuu watajua kwamba babu yao alikuwa yule wa langoni."

Nilimuuliza anataka nini. Akasema anataka jambo moja: gogo lile lisisimamishwe likiwa na uso wake.

Jumamosi, umande ukiwa haujakauka, walikuja. Elifasi alitangulia, amevaa koti, jani la isale lenye fundo likiwa mikononi. Nyuma yake walikuwa wazee wawili wa ukoo wake, na pamoja nao Mzee Yohana, kaka mkubwa wa Anaeli, aliyeombwa aje kuwa shahidi. Nilipewa kiti pembeni. Hapakuwa na maneno mengi. Elifasi alipiga goti, akaliweka isale chini mbele ya miguu ya Mzee Anaeli, akasema, "Nimekukosea, mzee wangu. Naomba yaishe."

Mzee Anaeli alilitazama jani. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kushuka kwenda kuliokota, kwa mazoea ya maisha yake yote nadhani, ndipo akaurudisha gotini.

"Elifasi, Jumatatu utafanya kazi gani?"

Elifasi alimtazama Mzee Yohana, kisha akainamisha kichwa. "Nitamalizia miguu."

"Miguu ya nani?"

Elifasi alivuta vuta ukingo wa koti lake.

"Sema, mwanangu. Miguu ya nani?"

"Nimeshawapa watu neno langu, mzee. Ufunguzi umekaribia."

"Sasa sikiliza. Kosa likiisha, linaombewa msamaha. Hili bado linachongwa. Umekuja kuniomba nisamehe leo ili kesho nisiwe na mdomo. Rudi siku utakayoweka patasi chini. Nitaliokota hata kama ni usiku."

"Anaeli," alisema Mzee Yohana, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Isale halikataliwi."

"Najua, kaka. Nimewahi kulipeleka, na nimewahi kulipokea."

"Kwa ajili ya mti? Watu wamesameheana damu kwa jani hili, wewe unakataa kwa ajili ya mti?"

"Wale walikuwa wameacha kuua."

Mmoja wa wazee wa upande wa Elifasi alisonya. Mwingine akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba wafupi moyo wao uko karibu na ardhi, ndiyo maana ni mgumu. Elifasi alikuwa analia. Sikuona unafiki katika machozi yake, na naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Waliondoka bila kugusa chai iliyokuwa imeandaliwa. Mzee Yohana aliondoka nao, naye hakuaga.

Isale lilibaki chini. Aliyelileta hawezi kulichukua tena, na asiyelipokea hawezi kuligusa. Kuku walilizunguka. Mama Upendo aliegemea mlango, kanga mdomoni.

"Baba Upendo," alisema, "sisi tutazikwa na nani?"

Mumewe aliinuka, akawafukuza kuku.

Jumapili nilikwenda nao kanisani. Jina la Mzee Anaeli lilikuwa kwenye zamu ya kusoma somo la kwanza. Muda ulipofika alisimama, lakini mwingine alikuwa ameshatoka mbele na Biblia mkononi. Akaketi. Benchi letu lilikuwa la watu watano, tulikaa watatu. Nje, baada ya ibada, wanawake walimshika Mama Upendo mkono upesi upesi wakitazama pembeni, kama wanaopeana kitu cha siri. Mzee alisimama chini ya ukuta wa kanisa, kofia mkononi, akisubiri kusalimiwa. Watu walimpita. Watoto peke yao ndio waliomkaribia, na mmoja wao akasema kile wanachosema siku zote.

Jumatatu nilipanda kuaga. Isale lilikuwa limeanza kukunjamana pale pale uwanjani. Nilimwambia kwamba katika simu yangu nina picha ya gogo la Sakina, na kwamba nisingeitia katika kitabu.

"Picha tia au usitie, hiyo ni shauri yako na dhamiri yako," alijibu. "Mimi nina ombi jingine. Andika kwamba nililetewa isale, nikalikataa, nikiwa na akili zangu timamu. Na uandike ya jana kanisani."

"Ya kanisani pia?"

"Hasa hayo. Watu wasije wakadhani nilishinda."

Siku zilizofuata nilibaki mjini kumaliza kazi. Nilikwenda hadi Kisongo kutazama michoro kwenye kuta za maduka yanayongoja watalii wa uwanja wa ndege, na humo nilikuta watu wafupi waliochorwa wakibeba trei, wakipanda punda, wakichungulia chini ya meza. Nilipima, nikachora, nikaandika rangi na mahali. Sikwenda tena kwa Elifasi. Nilipita mara moja mbele ya gereji, nikasikia patasi ikigongwa.

Asubuhi ya kurudi, basi lilipofika Maji ya Chai lilipunguza mwendo kwa ajili ya soko. Hoteli ilikuwa imefungua lango. Mzee wa mninga alikuwa ameketi hapo, amepakwa mafuta akang'aa, ukope umelegea, kovu limekaa mahali pake, kinywa wazi. Miguu ilikuwa imemalizwa vibaya, kwa haraka, vidole havikutenganishwa. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alimwinua mtoto wake dirishani.

"Mwone babu anavyotuchekea! Mpungie mkono!"

Mtoto akapunga. Abiria kadhaa wakacheka, na kijana mmoja akapiga picha kupitia kioo. Niligeuka, nikamwambia yule mama kwamba babu yule yuko hai, anaishi hapo juu, anaitwa Anaeli, na hakutaka kinyago kile kiwekwe. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesema jambo lisilo na mahali.

"Pole yake," alisema. "Lakini kamependeza."

Basi likaongeza mwendo kuelekea Moshi.

Sura niliyoagizwa nimeiandika, na haina picha ya lango. Nimeeleza vinyago kwa mpangilio wa mahali vilipotoka na hadithi kwa mpangilio wa masimulizi yake, kama inavyotakiwa. Nilichojifunza, hata hivyo, kinaingia katika aya moja. Katika hadithi zote nilizowahi kukusanya, mtu mfupi hutoa mali, hutoa balaa, huchekesha au huuliza swali lake. Sikuwahi kukuta hata moja ambamo yeye ndiye aliyekosewa, na wengine wanakuja kumpigia goti wakiomba radhi. Sasa ninayo moja. Inatoka Meru, ni ya siku hizi, na mwisho wake anakataa, kisha anabaki peke yake uwanjani na mkewe.