Mgeni wa Sandukuni

Jirani yetu huendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, kule ghala la Seven Hills, na hata nyumbani akienda kinyumenyume hulia pi-pi-pi kwa mdomo bila kujua. Jioni ile alivua viatu, akapiga magoti mbele ya sanduku la kobe wetu mpya, akasema, "Hodi." Kobe alikuwa na siku nne hajala, amejifungia ndani ya gamba kama mtu aliyefunga mlango, na waliotupatia walisema asipokula kufikia kesho watamchukua tena. Divine, binti yangu, alikuwa amelia hadi pua ikavimba. Jirani aliinua jani la sukumawiki kwa viganja viwili, polepole, kama trei ya mayai, akalishusha. Kobe hakutoa kichwa.

"Mama Divine, unamkodolea macho hivyo tangu lini?" jirani akaniuliza. "Tangu Jumapili. Naogopa nikigeuka atakufa." "Ee! Hata mimi nisingekula!" Akarudi nyuma, pi-pi-pi, akatugeuza tutazame ukuta, akatugawia ndizi. Tukatafuna watatu. Shingo ikaniwasha kutaka kugeuka. Nyuma yetu gamba likakwaruza sanduku, kisha tukasikia mtafunaji wa nne. Divine akaniziba macho kwa mikono yake, nisije nikageuka kumtazama.