Oili Chini ya Gari la Baba

Mama alipofariki, baba alikuja kuishi nami Kitengela, na alikuja akiendesha gari lake. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, rangi ya maziwa yaliyochacha, alilolinunua kwa msimamizi wake wa machimbo ya chokaa kabla sijazaliwa. Kutoka Kajiado si mbali, lakini alisimama mara tatu njiani kuongeza oili. Asubuhi ya kwanza, simiti ya ploti nilimopanga ilikuwa na doa jeusi lenye upana wa sinia.

Ploti ile ilikuwa na nyumba nane na mfereji mmoja wa maji, na njia ya kwenda kuteka maji ilipita pale pale gari lilipoegeshwa. Mwenye ploti alivumilia wiki tatu. Kisha jirani mmoja akateleza, akaanguka na ndoo yake, na mwenye ploti, mama wa makamo, akaja mlangoni.

"Baba, nakuheshimu," alisema. "Lakini hii gari yako inakojoa kama ndama. Mwisho wa mwezi ikiwa bado inavuja, iondoke. Wale watu wa vyuma vikuukuu wanapita hapa kila siku."

"Sawa, mama," baba alijibu. Akarudi ndani, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

Alikuwa amestaafu, nyumba yake ya Kajiado imefungwa kwa kufuli, na mama hayupo. Gari ndilo pekee lililobaki la kumfanya aamke. Nilijua kwamba likichukuliwa hatanigombeza wala kulalamika. Angekaa tu pale kitandani.

Basi tukaanza kazi, kila Jumamosi na kila jioni nilipotoka ofisini mapema. Tuliosha injini kwa mafuta ya taa, tukaiacha ikauke, kisha nikaipaka poda ya mtoto kila upande. Baada ya kuliendesha gari kidogo, tuliangalia poda imelowa wapi. Nami niliandika kwenye daftari: juu upande wa kushoto, chini mbele, chini nyuma.

Ilipolowa kwenye kifuniko cha juu, baba alikata gasketi mpya ya kuziba maungio. Alilaza karatasi ngumu juu ya chuma, akaigonga pembeni kwa nyundo ndogo hadi ukingo wa chuma wenyewe ukaikata, tundu kwa tundu. Alifanya hivyo bila haraka, ulimi ukiwa umetokeza kidogo. Tulipoziba juu, oili ikatokea chini. Tulipoziba chini, ikatokea nyuma, karibu na giaboksi.

"Mama yako angecheka sana," alisema siku moja akiwa chini ya gari, nikiona viatu vyake tu. "Alikuwa ananiambia, 'Wewe mwanamume hujui kukaza nati. Hata sufuria yangu haivuji hivi, na nilinunua kwa mtu wa baiskeli.'"

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia gari ni yake pia, akaze yeye."

Waliteta juu ya oili ile miaka mingi, tangu ukame mmoja wa miaka ya tisini. Nakumbuka mama ameketi mlangoni akisuka kiondo, akirusha maneno bila kuinua macho, na baba akiyajibu kutoka chini ya gari. Alimwacha kila mara amalize, akanyamaza kidogo, ndipo akajibu. Mimi nilikuwa mezani na vitabu vya shule, nikidhani hawapendani.

Zikiwa zimebaki siku nne mwezi uishe, nilimwita fundi, Mmaasai wa Oltepesi aliyekuwa na gereji ya mabati kando ya barabara ya Namanga.

"Sopa, mzee," fundi alimwamkia kwa Kimaasai.

"Epa," baba alijibu, kwa lafudhi yake ya Ukambani ambayo miaka yote ya Kajiado haikuitoa.

Fundi hakushika spana. Aliwasha injini, akafungua kifuniko cha kumwagia oili, akaweka kiganja juu ya tundu.

"Mzee, hebu weka mkono. Unasikia inavyosukuma? Hii injini haipumui. Hewa ikikosa pa kutokea, inatoka na oili popote. Utabadilisha gasketi mpaka Yesu arudi."

Akazima injini, akaingia chini ya gari, akapapasa kule nyuma ambako bomba la kupumulia linashuka. Alitoka na donge jeusi mkononi, zito kama kinyesi cha punda.

"Nani aliweka hii?"

Baba alilisugua kwa mafuta ya taa. Ndani ya ule uchafu kulikuwa na kitambaa cha maua ya bluu, kipande cha mapazia yetu ya jikoni, kimefungwa kwa uzi wa katani kwa lile fundo ambalo mama alianzia kila kiondo. Vumbi la mwaka ule wa ukame lilitushinda. Mama alifunika kwa kitambaa kila kitu chenye mdomo: mtungi, debe, kibuyu, hata birika. Bila shaka aliliona bomba liko wazi, akalihurumia gari.

Baba akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi chini.

"Ni yeye! Miaka yote ananicheka, kumbe ni yeye!"

Akainuka na kitambaa mkononi, akaenda mbio mbio kuelekea mlango wa nyumba, kama mtu aliye na habari ya kumpa aliye ndani. Alifika kizingitini, akasimama. Fundi alinitazama. Mimi nikaanza kuokota spana ambazo hakuna aliyekuwa amezitumia.

Mwisho wa mwezi mwenye ploti alikuja, akainama, akapangusa simiti kwa kidole.

"Haya, baba. Ikae."

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, baba alisema twende Kajiado. Hatukusimama hata mara moja. Tulipofika shambani, mahali tulipomzika mama, aliniambia nimngoje garini. Niliteremsha kioo. Upepo ulikuwa mwingi na maneno hayakunifikia, lakini nilimwona akionyesha kwa vidole ukubwa wa lile donge, akimwigiza fundi kuweka kiganja. Kisha akanyamaza, kichwa ameinamisha upande, kwa muda ule ule aliokuwa akimwachia mama amalize. Akacheka, akatikisa kichwa, akaanza kujibu.