Macho ya Mfunga Bao

Nikisikia harufu ya tapentaini hadi leo, hata dukani tu mjini Nakuru, moyo hunidunda. Baba alikuwa mchoraji wa mabango pale Njoro, na harufu hiyo ilikaa kwenye koti lake, kwenye blanketi, hata kwenye chapati zetu za Jumapili.

Nikiwa darasa la nne, timu ya kandanda ya chuo cha pale Njoro ilishinda fainali kwa bao la kichwa, dakika ya mwisho kabisa. Wanafunzi wakamwomba baba alichore bao hilo kwenye ukuta wa hoteli ya chai, wakamtumia picha ya bao hilo kwa simu. Mfungaji alikuwa Kiprono, mwanafunzi wa kilimo kutoka Keringet. Mimi nilipewa kupaka nyasi, nikajiona fundi kuliko baba. Katika picha ile Kiprono alikuwa amefumba macho, kama wafanyavyo wengi wakipiga kichwa, na baba akamchora hivyo hivyo.

Mwezi haukuisha kabla Kiprono hajagongwa na lori akielekea kwao. Wiki moja baada ya mazishi, mama yake alikuja, viatu vyake vya gambuti bado vina tope la Keringet. Alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu.

"Fundi, mtoto wangu hajalala hapo," alisema. "Mfungulie macho."

Baba akamweleza kwamba hakuwahi kumwona kijana huyo. Mama yule hakuondoka. Mwishowe baba akamwekea kiti penye mwangaza, akamwomba amtazame yeye tu anapochora. Nilishika mkebe wa rangi. Mama alitokwa na machozi bila kuyapangusa. Baba alipomaliza, mama huyo aliinuka akautazama ukuta.

"Ni yeye," akasema.

Tangu siku hiyo nilimwogopa Kiprono wa ukutani vibaya sana. Nikienda shule, macho yale yalinifuata mpaka kona ya kinu cha unga. Nilikimbia, nikiamini marehemu amekasirika kwa kuamshwa, na baba nilimchukia kidogo kwa kumwamsha.

Miaka mingi baadaye mwanangu alilazwa, hali yake mbaya, nikaenda kunawa uso kwenye choo cha wodi. Kwenye kioo nikayakuta macho yale yale, usoni mwangu. Ndipo nilipoelewa baba aliyatoa wapi. Asubuhi zote zile nilikuwa nikimkimbia mama yake Kiprono, aliye hai, akimtafuta mwanawe katika kila mtoto aliyepita.