Mpira wa Maji Uliojivuta

Mnicheke tu, nimekubali. Nilichoka kufunga mpira wangu wa maji kwa vipande vya tyubu, nikaenda hadiwea moja, duka la vifaa vya ujenzi, hapa Molo kutafuta wa kudumu, ule wa gurudumu la chuma linaloukunja lenyewe. Gurudumu lilikuwa nje barazani, mpira umevutwa hadi kaunta. Nikaushika, nikavuta. Ukanivuta!

"Boss, springi ya hii ni moto!" nikamwambia muuzaji. Nikakaza miguu, nikavuta kama ng'ombe wa kulima. Nje kitu kikaanguka pu!

Nikachungulia. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye matope, mpira bado mikononi mwake.

"Kijana," akamwita muuzaji, "huu haukatiki! Nifungie, nampelekea mkwe wangu."

Kisha macho yake yakaufuata mpira, polepole, hadi mkononi mwangu.