Thelathini na Moja ya Ngapi?

Mama wa mabango alikuwa juu ya ngazi, na tepu nyeusi ya mafundi wa umeme mkononi, aliponiuliza: "Mzee, wewe ndiye mwenye mtoto. Nifunge au nisifunge?"

Kamati nzima ilikuwa chini ya ngazi ikinitazama. Ningesema "usifunge" na mambo yangeishia hapo. Nilisema, "Funga."

Akakata vipande viwili vifupi, akavibandika upande wa kushoto wa tarakimu tatu, juu na chini. Tatu ikawa nane. Bango lililotundikwa kwenye geti letu hapa mtaa wa Fedha, lililosoma 31 tangu asubuhi, sasa likasoma 81. Mwenyekiti wa kamati akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono, akasema, "Sasa hiyo ni alama ya mtu aliyesoma."

Binti yangu ni mtafiti wa kinga ya mwili. Kwa miaka mingi amekuwa akichunguza kwa nini mtoto aliyeugua malaria mara kadhaa haugui tena vibaya kama mara ya kwanza. Ni daktari, lakini wa vitabu na maabara. Jirani akimletea kikohozi humwambia aende kliniki, na jirani akiondoka huuliza watu barabarani, "Huyu kwani alisomea nini?"

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, kisha nikafanya kazi ya stoo kwenye kiwanda cha sabuni huko Industrial Area hadi nilipostaafu. Sikujua lolote kuhusu damu zaidi ya rangi yake. Lakini kila Jumapili baada ya kanisa binti yangu alikuja, mama yake akaweka chai, na yeye akanieleza kazi ya wiki nzima. Alinitafutia mifano ya kiwandani. Alisema mwilini kuna chembe zinazofanya kazi kama askari wa getini mwenye kitabu: mwizi akija mara ya kwanza anaingia, anavunja, lakini sura yake inaandikwa. Akirudi, anakutana na rungu.

"Na huyo askari akistaafu," nikamuuliza siku moja, "kitabu anamwachia nani?"

Aliweka kikombe chini. "Baba, hilo ndilo swali langu la miaka minne. Wanafunzi wangu hawajaliuliza."

Wiki hiyo nilitembea mtaani kama mtu aliyevaa suti mpya. Mama yake alisema nimeanza kukohoa kisomi. Zile Jumapili ndizo zilizokuwa mali yangu ya uzeeni. Kila mzee hapa ana mtoto anayemletea sukari na unga. Mimi nilikuwa na anayeniletea maswali.

Katika Jumapili moja kama hiyo ndipo nilipomuuliza mabosi wao hujuaje nani amefanya kazi. Sisi stoo tulikuwa tunahesabu katoni. Akaeleza kwamba wao huhesabu mara ambazo watafiti wengine wametaja makala yako ndani ya makala zao. Kuna kipimo kimoja wanachokitazama sana. Cha kwake kilikuwa thelathini na moja: yaani ameandika makala thelathini na moja ambazo kila moja imetajwa na wengine mara thelathini na moja au zaidi.

"Ni kizuri?"

"Kwa umri wangu ni kizuri. Lakini kina kasoro, baba. Mtu anaweza hata kujitaja mwenyewe."

"Kama kujipigia kura."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikachukua kalamu nikaandika 31 nyuma ya bahasha ya kanisa.

Sasa, hapa kwetu mtoto akifaulu kitu hafaulu peke yake. Lazima kuwe na shukrani: kamati, hema katikati ya barabara, viti vya plastiki, mhubiri, pilau kwa upande wa hawa na mukimo wa viazi na mahindi kwa upande wa wale, na bango lenye picha ya mtoto na kile alichokipata. Mtoto wa jirani aliyehitimu urubani alipata bango refu kuliko nyumba yao. Binti yangu alikuwa hajafanyiwa lolote, na mwenyekiti alianza kunisimamisha njiani.

"Mzee, hata watu wa mtaa wa Kware wameanza kuuliza kama huyo msichana alimaliza kweli."

Nilipomweleza binti yangu alishangaa. "Hema la nini, baba? Sijaolewa na sijafa." Lakini alinihurumia akakubali, mradi iwe ndogo. Alisema atawaalika wenzake wachache wa maabara.

Kamati ikauliza tuandike nini kwenye bango, nami nikatoa bahasha. Mama wa mabango, ambaye ana kibanda chake huko Kware, akachapa jina la Mungu juu, picha katikati, na chini kwa herufi nyekundu: UTAFITI 31.

Jumamosi asubuhi bango likapanda. Mtu wa kwanza kulisoma kwa makini alikuwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, mtu wa magharibi mwa nchi, mpole sana, aliyesahihisha mitihani maisha yake yote. Akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena.

"Mzee mwenzangu, thelathini na moja ya ngapi?"

"Si ya ngapi, mwalimu. Ni thelathini na moja tu."

"Hakuna alama isiyo ya ngapi."

Nilimweleza habari ya makala na kutajwa. Alisikiliza yote kwa heshima, kisha akanishika bega. "Usijali. Hata mimi nilikuwa na wanafunzi walioanza hivyo, na leo wana familia."

Baada ya hapo sikupumzika. Mama muuza mboga akavuka barabara kuja kunipa pole. Shemasi akasema tumshukuru Mungu kwa hicho kidogo. Mama mmoja mzee, akibeba viti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Atarudia mwaka ujao. Siku hizi wanaruhusu." Nilimweleza kila mmoja, na kila nilipoeleza nilizidi kuonekana baba anayemtetea mtoto. Kufikia saa nne mwenyekiti alikuwa akilitazama bango kwa uchungu.

"Tumefunga barabara," alisema. "Tumechinja. Halafu tunatangaza kwamba ameanguka?"

Ndipo akaona kwamba tatu na nane zimeachana kwa matundu mawili tu. Akampigia simu mama wa mabango.

Wageni wa maabara walifika saa saba: watatu, pamoja na mkuu wao, mama mtulivu mwenye mvi. Waliposhuka kwenye gari walisimama chini ya bango. Mmoja akatoa simu akapiga picha. Mkuu akamgeukia binti yangu, akamwambia kwa upole uliotisha, "Hongera, daktari. Hukutuambia. Themanini na moja, mimi mwenyewe sijakaribia."

Binti yangu akainua macho. Nilikuwa mbali, karibu na sufuria, lakini niliona shingo yake ikikakamaa.

Alienda moja kwa moja kwenye hema akamwomba mshereheshaji kipaza sauti. "Hamjambo. Kuna kosa kwenye bango. Si themanini na moja. Ni thelathini na moja."

Watu wakageuka kulitazama bango. Kisha mwenyekiti akaruka kama mtu aliyechomwa na moto, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mmeona malezi hayo? Anajipunguzia! Unyenyekevu!"

Watu wakapiga makofi. Binti yangu akachukua kipaza sauti tena. "Ni kweli, ni thelathini na moja, tafadhali." Makofi yakazidi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mhubiri alipopanda aliacha somo lake akahubiri juu ya binti anayekataa sifa. Kila alivyosema ukweli ndivyo walivyompenda zaidi, na ndivyo alivyozidi kukaza uso.

Jua nalo likaanza kazi yake. Gundi ya ile tepu ikalainika. Saa tisa kipande cha juu kikajikunja na kuning'inia. Mwalimu, aliyekuwa ameketi na sahani yake akitazama geti, akasema bila ubaya wowote, "Naona anashuka." Baada ya dakika kumi kipande cha chini kikaanguka ndani ya bakuli la kachumbari lililokuwa chini ya bango.

Watu walipoanza kukunja viti, binti yangu alinijia nyuma ya hema. Hakupaza sauti.

"Baba, nani alisema wafunge?"

Hapo nilipata nafasi ya pili, nayo nikaichezea. "Kamati," nikasema.

Mama wa mabango alikuwa hatua mbili kutoka kwetu akifungiwa nyama ya kubeba. "Mzee, usiniingize kwa shida," akasema. "Mimi nilikuuliza wewe mbele ya watu."

Binti yangu alinigeukia. "Kwetu kazini," alisema, "mtu akibadilisha tarakimu moja, hatumpigi wala hatumtukani. Hatumsomi tena tu. Kwa sababu hatujui tena ni ipi ya kuamini."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni mfano kama ile mifano yake ya askari.

Picha ya bango ilifika maabara kabla yake. Alilazimika kuandikia ofisi yao barua ya kueleza, na walimwelewa, hata wakacheka. Hakupoteza kazi. Nilimwomba msamaha kwa simu, kisha nikaenda mpaka kwake nikamwomba tena nikiwa nimesimama, na alinisamehe mara zote mbili, akanipa kiti na juisi. Mwenyekiti naye husema mpaka leo kwamba shukrani ile ilifana sana.

Bado anakuja Jumapili. Ananiletea sukari na unga. Anapima presha yangu, anauliza kama nakunywa dawa. Nikimuuliza habari za kazi anasema, "Iko sawa, baba," na kumgeukia mama yake. Nimejaribu kumkumbusha yule askari na kitabu chake. Ananijibu kwa adabu kwamba hilo walishalipatia jibu. Hajaniambia jibu lenyewe, nami ninaona haya kuuliza.

Mwezi uliopita nilikuwa nikinunua maziwa mwalimu aliponipa mkono kwa furaha, akanipongeza kwa binti yangu kuwa profesa. Alikuwa amesoma gazetini. Nikamwambia asante, kana kwamba nilikuwa najua. Sikujua. Niliuza nafasi ya kuwa mtu wa kwanza kuambiwa na mtoto wangu mambo yake, na leo naambiwa na majirani.