Dua ya Ndani ya Biskuti

Jumanne. Kibiti manyunyu tangu alfajiri.

Mama mkwe alikuja kuamua kama mke wangu arudi kwangu, akalalamikia goti. Nilikuwa na kijikaratasi cha maandishi ya kigeni, nilichokikuta ndani ya biskuti niliyopewa na mgeni anayenunua kamba wabichi. Nikadhani ni dua. Nikakiloweka kikombeni kama kombe, yale maandiko ya dua yanayooshwa yakanywewa, akanywa.

"Alaa, goti limelegea! Mkeo atarudi, baba."

Haki niseme, nilijivuna. Kumbe wino haukutoka. Shemeji, aliyemsindikiza mama yake na anayeijua lugha hiyo, akakiopoa akatufasiria: "Punguza kula, tumbo limezidi."

Mgeni wa watu hana kosa.

Jioni nilipika wali wa nazi kwa kamba. Mama mkwe akanisukumia sahani yake.

"Kula, mkwe. Mimi nimekatazwa. Na mkeo ataendelea kula kwetu."