Mgongo wa Mkono wa Mohamadi

Wako watu wa Mangobo, mtaa wa Kisangani, ambao hawajawahi kumwona Mohamadi uso kwa uso, lakini sauti yake wanaijua. Kila Jumanne na Ijumaa alfajiri ilipita mbele ya nyumba zao na kuwaamsha.

"Kanyaga, weye! Unakanyaga kama mutu anaponda majani ya pondu! Fiston, kichwa chini, unatafuta bibi huko juu? Shimo kushoto! Bonheur! Bonheur, mama yangu akiwa na mimba yangu alikuwa anaenda mbio kukupita!"

Baadaye ndipo zilipotokea baiskeli tano, mstari mmoja, minyororo ikilia, na yeye wa tano, nyuma kabisa. Mtu mgeni angedhani mzee yule ameachwa. Waliojua walicheka. Hakukuwa na mguu kama wa Mohamadi kutoka daraja la Tshopo hadi Bengamisa. Angetaka kuwapita wote wanne, angewapita huku anavuta pumzi za puani. Alikaa nyuma kwa sababu ndivyo watu wa toleka walivyosafiri zamani: mwenye nguvu anafunga mstari, ili asibaki mtu porini na gunia lake.

Toleka. Kijana wa leo akilisikia neno hilo anadhani ni jina la baa. Lilikuwa neno la Kilingala tu, tupite, na lilikuwa kazi ya mji mzima, kubeba abiria kwa baiskeli. Mohamadi aliianza akiwa na miaka kumi na saba. Babu yake alikuwa fundi wa kushona kanzu, mtu wa zile familia za Kiislamu zilizokuwa Kisangani kabla ya kituo cha reli, na cherehani ya babu ndiyo iliyoshona mto wa kwanza wa baiskeli yake, kitambaa chekundu chenye pindo la manjano. Wakati huo mteja alikaa kama mtu kitini. Ulimsalimu, ulimuuliza habari ya watoto, ulipita mashimo taratibu ili mayai yake yasivunjike. Mohamadi aliwabeba maarusi, wagonjwa, hata mwalimu mmoja aliyesahihisha madaftari mgongoni kwake tangu Makiso mpaka Kabondo. Kisha zikaja pikipiki. Leo mteja habebwi, anarushwa. Anashuka na vumbi mdomoni, na aliyemleta hamjui hata kwa sura, maana masikio yake yamezibwa na muziki.

Wenzake waliuza baiskeli zao, mmoja mmoja. Yeye alibaki, akisafirisha mchele kutoka Bengamisa hadi sokoni, magunia mawili kwa safari. Na alibaki na mashindano.

Mashindano ya chama cha waendesha baiskeli hufanyika mara moja kwa mwaka: daraja la Tshopo, Bengamisa, kurudi darajani. Wazee waliyaweka kwa kanuni moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Kikosi ni watu watano, na saa inasimamishwa gurudumu la mtu wa mwisho linapofika. Uwe na shujaa anayeruka kama ndege, haisaidii kitu. Mnahesabiwa kwa yule aliye dhaifu. Asipokuwepo wa tano, hakuna kikosi. Chini ya Mohamadi kikosi cha Mangobo kilishinda mara sita.

Mwaka huu alikuwa na miaka arobaini na sita, na goti la kulia lilikuwa linagonga kama mlango mbovu. Alijua ni mara yake ya mwisho. Tena mfanyabiashara mmoja aliahidi baiskeli tano mpya kwa washindi, na fremu ya Mohamadi ilikuwa imechomelewa mara saba.

Basi mwaka huo huo ndio vijana waliomshitaki.

Walikutana kwenye ofisi ya chama, chumba chenye benchi mbili na kalenda ya zamani. Papa Gédéon, rais wa chama, alikaa kati. Fiston alisimama. Fiston ni mwendeshaji mzuri, ana maneno laini, ana Kifaransa, na wasichana wanampigia makofi.

"Papa président, sisi si batoto. Tonton Mohamadi anatutukana mbele ya batu. Juzi alitoa upepo kwa magurudumu ya Bonheur sokoni, mbele ya mchumba wake, eti mnyororo iko mukavu. Bonheur akasukuma baiskeli mpaka nyumbani. Ile si kuongoza. Ile ni kuonea."

"Mnyororo ulikuwa mukavu," alisema Mohamadi.

"Na kila asubuhi anapita anatugusa shingo, mmoja mmoja, kama mutu anachagua mbuzi! Hasalimie. Anagusa shingo, anasema 'panda', basi."

Ndugu wawili wa Mangobo waliokuwa wa tatu na wa nne kikosini wakaguna kuonyesha wanakubali. Bonheur peke yake aliangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwembamba, mwenye mapafu mafupi, na baiskeli aliyopanda ilikuwa ya shemeji yake.

"Na Jérémie?" akasema Fiston. "Tuseme pia ile ya Jérémie?"

Miaka sita iliyopita, wakirudi kutoka Bengamisa, Jérémie alimwambia Mohamadi kwamba ana homa. Mohamadi akajibu, "Homa ya uvivu. Kanyaga." Jérémie akakanyaga kilomita ishirini, kisha akaanguka kando ya barabara, akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Mohamadi alimfunga mgongoni kwa shati lake, akamleta mjini bila kupumzika, lakini Jérémie alilala hospitali majuma matatu, na alipotoka sikio la kushoto halikusikia tena. Mkewe Mohamadi, Safiya, ndiye aliyepeleka chakula kila siku, lituma ya ndizi na samaki, kwa sababu mama wa Jérémie hakutaka kumwona mume. Mume alisimama nje ya ukuta na baiskeli yake. Tangu hapo Jérémie aliendesha pikipiki, na wakikutana njiani hakuna aliyemsalimu mwenzake.

"Jibu, Mohamadi," alisema papa Gédéon.

"Ya Jérémie ni kweli. Nyingine zote pia ni kweli."

Angeweza kusema zaidi. Safiya alikuwa amemwambia asubuhi ile ile, akimimina chai: "Baelezee basi kwa nini unabagusa shingo. Kinywa kinajua matusi tu?" Naye alijibu kwamba akieleza itakuwa kama anamtumia Jérémie kujitetea, na mtoto wa watu si mwavuli.

Papa Gédéon alikuna kidevu, mtu wa kutafuta njia ya katikati siku zote. Akatoa hukumu ambayo mji mzima uliicheka. Mohamadi ataongoza mashindano haya, lakini kwa kengele tu. Tangu alfajiri ya siku yenyewe mpaka gurudumu la mwisho, asiseme hata neno moja kwa wenzake. Mlio mmoja ni shimo, miwili ni mlima, mitatu ni kuongeza mwendo. Akifungua kinywa, unahodha unakwenda kwa Fiston siku ile ile.

"Unakubali?"

Mohamadi akaipiga kengele ya baiskeli yake iliyokuwa mlangoni, mara moja. Hata Fiston alicheka.

Watu wa leo wanapenda kubishana kuhusu mambo haya. Wanasema kiongozi mkali anavunja roho za watu, na wanasema hivyo wakiwa wamekaa. Ni kweli wako wanaotukana kwa kuwa wanafurahia kutukana. Lakini Mohamadi hakumtaka mtu afanye kitu ambacho yeye hakukifanya mara mbili. Mnyororo wa Bonheur aliousema ni mkavu, jioni ile ile alikwenda kwa shemeji wa kijana na kopo la mafuta, akaupaka mwenyewe kiungo kwa kiungo, kisha akamwambia Bonheur ni mpumbavu. Kutukana alitukana. Kuacha mtu nyuma, hilo hakulijua.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili. Kulikuwa na ukungu juu ya maji, watu wamejaa pande zote mbili za daraja, akina mama wakiuza mikate ya moto na chai. Vikosi saba. Pikipiki nne zilikuwa zimekodiwa kubeba waamuzi, na dereva wa moja alikuwa Jérémie.

Mohamadi alipita kwenye mstari wake kama kawaida. Mgongo wa mkono kwenye shingo ya Fiston. Fiston akageuza uso. Ndugu wa kwanza, ndugu wa pili. Kisha Bonheur.

Mkono ukabaki pale. Shingo ilikuwa kama sufuria iliyotoka mekoni.

Bonheur alitabasamu, meno yakigongana kidogo. "Niko muzuri, tonton. Nilimeza dawa."

Mohamadi akapiga kengele. Akanyoosha kidole kuelekea mjini.

"Sielewi kengele ile," alisema Bonheur, akishika usukani. Akashusha sauti. "Tonton, nakuomba. Baiskeli iko ya shemeji, anaitaka mwezi ujao. Nikikosa leo, nakosa kazi. Nitakanyaga. Weye mwenyewe unasemaka kila siku, kanyaga. Minakanyaga!"

Hapo ndipo Mohamadi alipopatwa. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, na yalikuwa yanarudi kwake kwenye mdomo wa mgonjwa. Miaka mingi alikuwa amewapigia kelele vijana wasikubali kuchoka, na huyu dhaifu kuliko wote alikuwa amesikia vizuri kuliko wote. Akapiga kengele tena, mara nyingi, bila mpango. Watu wakaanza kucheka.

"Tonton, muache mutoto wa watu," alisema Fiston. "Iko tayari. Muamuzi anainua bendera!"

Mohamadi aliitazama bendera. Aliitazama barabara nyekundu inayopanda kutoka mtoni. Goti lilimgonga. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kwake:

"Shuka, Bonheur."

"Amesema!" Fiston aliruka. "Papa Gédéon, umesikia? Amesema!"

"Nimesema. Shuka."

Bonheur hakushuka. Basi Mohamadi akainama, akafungua vali ya gurudumu la mbele, kisha ya nyuma, na upepo ukatoka kwa mlio mrefu mbele ya umati wote. Bendera ikaanguka. Vikosi sita vikaondoka. Cha Mangobo kikabaki darajani, watu wanne na mmoja aliyekaa juu ya baiskeli bapa, akilia. Umati ulizomea. Mama mmoja alimrushia Mohamadi kipande cha mkate. Fiston alitupa kofia yake chini na kumwambia mambo ambayo hata Mohamadi, bingwa wa kutukana, hakuwa nayo.

Mohamadi alimshika Bonheur kwapani akamteremsha, na alipomteremsha miguu ya Bonheur haikusimama.

Pikipiki ikasogea. Alikuwa Jérémie, amemwacha muamuzi wake akipiga kelele katikati ya daraja. Mohamadi alimpandisha Bonheur nyuma yake, akamfunga kwa shati lake kiunoni mwa dereva, mafundo mawili, kama alivyofanya siku ile nyingine.

"Ulijuaje?" aliuliza Jérémie, akigeuza sikio linalosikia.

"Unaona nikigusa shingo."

"Zamani haukuwa unagusa."

"Hapana," alisema Mohamadi. "Zamani nilikuwa sigusi."

Jérémie akavua kofia yake. Kisha akasema, "Papa Mohamadi, nishikilie kofia yangu, isiangukie huyu." Akaondoka taratibu, akipita mashimo moja moja, kama mtu aliyefundishwa kubeba watu kabla ya kufundishwa pikipiki.

Kwenye kituo cha afya walisema malaria ya Bonheur ilikuwa kali, na kwamba mlima wa kwanza ungetosha kummaliza. Habari hiyo ilifika Mangobo kabla ya adhuhuri. Ndugu wawili walikuja kwa Safiya na kuku mmoja, hawakusema wa nini. Papa Gédéon alikuja pia, akasema kwamba kwa kuzingatia hali, ile hukumu inaweza kufutwa.

"Nilikubali," alisema Mohamadi. "Nikasema. Unahodha ni wa Fiston."

"Lakini mzee..."

"Ninyi watu wa siku hizi, neno kwenu ni kama mpira wa ndani, linabandikwa kiraka popote. Ni wa Fiston. Kofia ya Jérémie iko ukutani pale, apelekewe. Au aje aichukue." Na Jérémie alikuja kuichukua, jioni, akala.

Jumanne ya juma la pili, alfajiri, baiskeli nne zilikusanyika mbele ya nyumba ya Fiston. Bonheur alikuja wa tano, kwa miguu, bado dhaifu, akaketi kwenye jiwe kuwatazama. Mohamadi alikwenda kwenye nafasi yake ya mwisho, akakaza mto wa zamani mwekundu ambao bado anaufunga nyuma ijapokuwa hakuna wa kuukalia.

Fiston alisimama mbele yao. Kisha akaanza kupita kwenye mstari. Mgongo wa mkono kwenye shingo ya ndugu wa kwanza. Kwenye shingo ya ndugu wa pili. Alipofika kwa Mohamadi alisita, halafu akaweka mkono.

Mohamadi alivumilia kidogo.

"Mkono wako unanuka samaki," alisema. "Na umegusa mbali, homa inakaa hapa, chini ya sikio. Hapa! Nahodha gani weye? Panda, jua linatoka!"

"Panda," Fiston aliwaambia wengine, akicheka, na baiskeli nne zikaingia barabarani, yule mwenye nguvu akiwa wa mwisho.